Watoto watatu wa fosta, 1099 moja, na taksi (kodi ya mapato) ya 2024: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha baba na mama waliotoka Kivu, Kongo, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, sasa wako Dayton, Ohio, wana binti yao mmoja wa miaka 9 na wana leseni ya kufosta, yaani kulea nyumbani watoto wanaowekwa kwao na serikali au ajensi. Nimekiunganisha kutoka hali zinazojirudia kwa familia zetu zinazolea watoto wa fosta huku Marekani, kwahiyo usihangaike kutafuta ni akina nani, fuata hesabu na sababu zake. Zote ni za mwaka wa taksi 2024, ule uliofailiwa mwanzoni mwa 2025.

Baba yuko weahausi (ghala), mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, W-2 zao mbili (karatasi za mshahara wa mwaka) ukijumlisha ni dola 52,400. Sasa watoto. Wa kwanza mvulana wa miaka 6, kaunti ilimleta Oktoba 2023 na mwaka mzima wa 2024 kakaa hapo hapo, kaunti inalipa dola 30 kwa siku, siku 366, jumla dola 10,980. Wa pili ni kijana aliyeletwa Januari 22 na ajensi binafsi yenye leseni ya jimbo, huyu ana mahitaji mazito kidogo ya matibabu na tabia, analipiwa dola 40 kwa siku, siku 345, dola 13,800, na mwezi wa Novemba akatimiza miaka 17. Wa tatu kichanga, alikuja Machi 4, Julai 12 korti ikamrudisha kwa mama yake, kaunti ikawalipa siku 131, dola 3,930. Juu ya hapo kuna hela ndogo ambayo kila mtu aliisahau: ajensi ilikuwa inawapa dola 150 kwa kila mwezi ambao kitanda cha dharura kilikaa kitupu kikimsubiri mtoto yeyote atakayeletwa usiku wa manane, ikawa miezi saba, dola 1,050.

Kaunti haikuwatumia karatasi yoyote ya taksi. Ajensi ikawatumia 1099, karatasi ya kipato kisicho mshahara, ya dola 14,850, yaani hela ya kijana na hela ya kitanda zimechanganywa kwenye boksi moja bila maelezo.

Wakaenda kwa jamaa anayefanya taksi mtaani, anayeongea Kiswahili, watu wengi wanamwamini. Jamaa akaona 1099, akaiweka yote Skedyuli C, fomu ya kipato cha biashara. Watoto wa fosta akawaambia hao ni wa serikali, umeshalipwa kuwalea, huwezi tena kuwakleimu (kuwaandika kama wategemezi wako), akaandika binti yao peke yake. Hesabu ikatoka wanadaiwa dola 3,743 kabla ya kutoa ile kodi iliyokwisha kukatwa kwenye mishahara. Mama akakataa kusaini. Na hapo alifanya jambo la maana kuliko yote kwenye kisa hiki, manake ritani, ile fomu ya kodi unayotuma serikalini, ambayo hujaisaini haijawa yako bado.

Hela ni swali lake, mtoto ni swali lake

Kosa la jamaa lilianzia kichwani kabla ya kufika kwenye fomu. Alidhani hela ya fosta na mtoto wa fosta ni kitu kimoja, kwamba ukipokea hela umeuza haki ya kumwandika mtoto. Wengi wetu tunaamini hivo hivo, nimeisikia kanisani, nimeisikia msikitini, nimeisikia kwa watu waliosoma kabisa. Sheria ya kodi ya Marekani haisemi hivo. Inauliza maswali mawili yasiyohusiana: je, hii hela ni kipato cha kutozwa kodi? Na swali la pili, je, huyu mtoto ni tegemezi wako kwa mwaka huu? Jibu la moja haliligusi jibu la lingine. Unaweza kupokea dola elfu kumi zisizotozwa hata senti, na mtoto huyo huyo ukamwandika kwenye ritani yako ukapata krediti zake zote, yaani nafuu zinazokata kodi yenyewe.

Tuanze na hela. Kifungu cha 131 cha sheria ya kodi kinasema malipo ya fosta hayahesabiwi kwenye kipato kama yanatoka jimboni, au kaunti, au ajensi iliyopewa leseni au cheti na jimbo, chini ya mpango wa fosta wa jimbo, na mtoto amewekwa kwako na hao hao, na unamlea ndani ya nyumba yako mwenyewe. Masharti yote yanatimia hapa kwa watoto wote watatu. Kwahiyo 10,980 ya kaunti haiandikwi popote, 3,930 ya kichanga haiandikwi popote, na 13,800 ya kijana nayo haiandikwi, hata ile sehemu ya nyongeza anayolipiwa kwa sababu ya mahitaji yake mazito. Nyongeza hiyo ina kikomo cha idadi, inasamehewa mpaka watoto 10 walio chini ya miaka 19 na watu 5 wa miaka 19 na kuendelea, familia hii haikaribii huko.

Angalia kwamba kichanga kukaa siku 131 tu hakubadilishi chochote upande wa hela. Hata angekaa siku mbili, hela ya siku hizo mbili imesamehewa. Muda wa kukaa unauliziwa kwenye swali la mtoto, sio kwenye swali la hela, na watu wanavichanganya hivi viwili sana.

Kitanda ndo tofauti. Dola 1,050 hazikulipwa kwa ajili ya kumlea mtoto fulani, zililipwa ili nafasi isishikwe na mtu mwingine, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanasema wazi kwenye kitabu chao cha vipato, Pub 525, kwamba hela ya kutunza nafasi kwa ajili ya fosta ya dharura inatozwa kodi. Kwahiyo hii kweli inaenda Skedyuli C, na kama kuna gharama halali zilizotumika kwa kitanda hicho wanazitoa humo. Wao hawakuwa na risiti, tukaiacha 1,050 nzima. Kodi ya kujiajiri juu yake inatoka dola 148. Sio nyingi, na kuilipa ni sawa kabisa, mimi sioni sababu ya kuificha hela ndogo namna hii halafu ikuharibie ritani nzima siku ikikaguliwa.

Ukilinganisha na jamaa alivofanya: yeye alitoza kodi ya kujiajiri kwenye dola 14,850 nzima, inatoka dola 2,098. Alafu hiyo hela ikapandisha kipato chao kwenye ritani mpaka dola 66,201, ikawatupa nje ya krediti ya kipato cha kazi, hii watu wanaiita EIC, kwa sababu wanandoa wenye mtoto mmoja kikomo chao 2024 kilikuwa dola 56,004. Yaani karatasi moja iliyojazwa vibaya na ajensi iliwapiga mara mbili.

Kuhusu ile 1099

Hapa watu wanaogopa, wanasema IRS wameshapewa nakala, nikiiacha watanitafuta. Woga huo una msingi, kompyuta ya IRS inalinganisha 1099 na ritani yako, ikikuta hailingani inakutumia barua inaitwa CP2000. Ila dawa yake sio kulipa kodi usiyodaiwa. Wapigie ajensi, waandikie kwa maandishi, waambie dola 13,800 ni malipo ya kulea mtoto chini ya kifungu cha 131, waombe 1099 iliyosahihishwa ya dola 1,050 tu. Familia hii iliomba, ikachukua wiki kadhaa za kusumbua simu, ikapatikana.

Wangekataa je? Bado unafaili kwa ukweli, unaandika 1,050, alafu unatunza kwenye bahasha mkataba wa fosta, barua ya kumweka mtoto, na mchanganuo wa malipo unaoonyesha ipi ya mtoto ipi ya kitanda. CP2000 ikija, usiitupe na usiichukulie kama bili, ile ni pendekezo, ina sehemu ya kuweka alama kwamba hukubali na ina tarehe ya mwisho ya kujibu, unaambatanisha karatasi zako na maelezo mafupi yenye saini. Shida kubwa ninayoiona kwetu ni kwamba barua inakaa juu ya friji mpaka tarehe inapita, manake imeandikwa Kiingereza kigumu na hakuna anayetaka kuifungua.

Sasa watoto, mmoja mmoja

Mtoto wa fosta anahesabiwa kama mtoto wako kwa sheria ya kodi akiwa amewekwa kwako na ajensi yenye mamlaka au kwa oda ya korti. Hilo la kwanza. Alafu awe na umri unaotakiwa, alale kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na asiwe amejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matumizi yake. Hapo mwisho ndo hoja ya jamaa wa taksi inapovunjika, kwa sababu yeye alidhani wewe ndo unatakiwa uwe umemlipia nusu. Hapana. Swali ni kama mtoto kajilipia. Hela ya kaunti inahesabiwa ni msaada uliotolewa na kaunti, hela ya ajensi ni msaada wa ajensi, haihesabiwi kuwa mtoto kajilipia. Kwahiyo hata kaunti ingekuwa inalipa asilimia tisini ya matumizi yake, mtoto wa miaka 6 bado anafaulu.

Mvulana wa miaka 6 basi ni wao bila shaka: amekaa mwaka mzima, kawekwa na kaunti, ana namba ya sosho (Social Security). Wanapata krediti ya mtoto, 2024 ilikuwa mpaka dola 2,000 kwa mtoto aliye chini ya 17, na anaingia kwenye EIC.

Namba ya sosho yenyewe ilikuwa vita. Kesiwoka, yule afisa anayesimamia kesi ya mtoto, alisita kuitoa, akisema ni siri ya mtoto. Bila namba krediti hizi mbili hazipo, kwahiyo mama akaomba rasmi kwa barua, ofisi ikampa. Kama mko Machi na bado hujaipata, omba muda wa kufaili mpaka Oktoba kwa fomu 4868 kuliko kumwacha mtoto nje au kubahatisha namba, ila kumbuka fomu hiyo inaongeza muda wa kufaili, haiongezi muda wa kulipa kama unadaiwa.

Kijana ana kona zake mbili. Ya kwanza umri: katimiza 17 Novemba, na krediti ya mtoto inaangalia umri wa Desemba 31, kwahiyo ile ya dola 2,000 imeshapita, anabaki na krediti ya wategemezi wengine, dola 500. Inauma kidogo ukizingatia miezi kumi na zaidi ya mwaka alikuwa na miaka 16, ila ndo sheria. Kwenye EIC lakini kikomo ni chini ya 19, au chini ya 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote (full-time), huko anahesabiwa kama kawaida. Kona ya pili, alikuwa anafanya kazi wikendi kwenye mgahawa akapata dola 4,100. Baba aliogopa kwamba hela hiyo iingie kwenye ritani yao. Haiingii, ni ya kijana, na haifiki popote karibu na nusu ya matumizi yake ukiweka pamoja malazi, chakula, nguo, matibabu. Kijana anafaili ritani yake ndogo kurudishiwa kodi aliyokatwa, anaweka tiki kwamba kuna mtu anaweza kumwandika kama tegemezi. Asipoweka tiki hiyo, ritani ya wazazi wa fosta inaweza kukwama.

Kichanga sio wao. Rafiki mmoja alimshauri mama amwandike, eti usiku wote ule wa kukesha naye uende bure? Ninaelewa uchungu wa swali hilo, kwa kweli kulea mtoto mchanga mwenye shida si kazi ya mchezo. Lakini Januari, Februari, siku za kwanza za Machi, na kuanzia Julai 12 mpaka mwisho wa mwaka alikuwa kwa mama yake, zaidi ya nusu. Mama yake ndo mwenye haki ya kumwandika, na kwa mama anayejikusanya ili asimpoteze mtoto tena, krediti hiyo inaweza kuwa ndo kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ukimwandika wewe unamzuilia yeye. Na kwa upande wako, IRS wakiona ulidai EIC kwa uzembe mkubwa wanakufungia miaka 2, wakiona ni udanganyifu miaka 10.

Mama mzazi wa mvulana alishafaili

Ritani ikaandaliwa upya kwenye kituo cha bure cha VITA, mpango wa IRS wa kusaidia watu kufaili, ikatumwa kwa kompyuta, ikarudi imekataliwa: namba ya mvulana imeshatumika. Mama yake mzazi, ambaye hakukaa naye hata siku moja 2024, alikuwa ameshamwandika. Huenda hakujua, huenda kuna mtu alimfanyia.

Watu wengi hapa wanakata tamaa wanamtoa mtoto ili ritani ipite. Usifanye hivo. Zamani njia ilikuwa kuchapisha na kutuma kwa posta. Kuanzia msimu wa 2025 IRS wanapokea kwa kompyuta ritani yenye mtoto aliyekwisha kuandikwa na mwingine, mradi mlipa kodi wa kwanza kwenye ritani ana IP PIN, ile namba ya siri ya tarakimu sita inayopatikana kwenye akaunti yako ya IRS. Baba akafungua akaunti, akapata namba, ritani ikapita.

Baadaye pande zote mbili zinaweza kupata barua ya CP87A inayosema kuna mtu mwingine kamwandika mtoto huyu, angalia kama uko sahihi. Ukiwa sahihi hubadilishi kitu. Wakikagua kweli kweli, wanataka mambo mawili: uthibitisho wa uhusiano, yaani barua ya ajensi au oda ya korti, na uthibitisho wa makazi, kama rekodi za shule au za daktari zenye jina la mtoto, anuani yako na tarehe za 2024. Familia hii walikwenda shule ya mvulana wakaomba barua moja, ikawachukua dakika chache. Kanuni za kugombania mtoto, zile zinazompa mzazi kipaumbele, hazikuingia hata mezani hapa, kwa sababu zinatumika pale ambapo wote wawili wanatimiza masharti, na mama mzazi hakutimiza sharti la kukaa na mtoto.

Hesabu ilivyotoka

Kipato kwenye ritani dola 53,376, ambayo ni mishahara na hela ya kitanda ukitoa nusu ya kodi ya kujiajiri. Wakitoa punguzo la kawaida la wanandoa, dola 29,200, na kapunguzo kadogo ka biashara, kodi ya kipato inakuwa dola 2,414. Krediti za watoto ni 4,500: 2,000 ya binti, 2,000 ya mvulana, 500 ya kijana. Zinafuta kodi yote na 2,086 inayobaki inarudi kama refandi. EIC kwa watoto watatu inatoka dola 2,831, wakati wangeandika binti peke yake ingekuwa kama 420 tu. Toa zile 148 za kitanda, wanapata dola 4,769 mkononi, bila kuhesabu kodi iliyokatwa kwenye mishahara.

Jamaa alisema wanadaiwa 3,743. Tofauti ni dola 8,512 kwa familia ile ile, mwaka ule ule.

Hela waliyotumia zaidi ya malipo, viatu vya mpira vya kijana, ada ya timu, petroli ya kwenda tiba, kwa sheria inaweza kuhesabiwa kama sadaka ikiwa aliyemleta mtoto ni serikali au shirika linalotambulika kisheria na hufanyi kwa faida. Lakini inasaidia tu ukiwa unaorodhesha makato, na kwa punguzo la kawaida la 29,200 familia ya kipato hiki haiwezi kufika huko. Tulipita.

Neno moja kwa wanaolea bila karatasi, manake kwetu tuko wengi. Mtoto wa rafiki aliyefariki, au mtoto wa binamu aliyetumwa kwako asome, hata umlee miaka kumi kwa moyo wote, kama hakuna ajensi wala korti iliyomweka kwako sio mtoto wa fosta kwa IRS. Mtoto wa kaka au dada yako wa damu hahitaji karatasi hizo, uhusiano unatosha, ila wa binamu hapana. Huyo anaweza kuwa tegemezi wa dola 500 kama kakaa kwako mwaka mzima, kipato chake kiko chini ya dola 5,050 kwa 2024, na wewe ndo umelipia zaidi ya nusu ya matumizi yake, lakini EIC na krediti kubwa ya mtoto hana. Oda ya korti inabadilisha hilo kuanzia anapowekwa, na kwa mtoto utakayekaa naye muda mrefu inafaa kuitafuta, hata shule na hospitali zitakuelewa haraka.

Na kwa waliokwisha kufaili kama jamaa alivotaka, fomu 1040-X ipo, una miaka mitatu tangu ulipofaili kurekebisha na kudai refandi yako, na kliniki za LITC zinasaidia wenye kipato kidogo kwenye magomvi na IRS. Mtu akikufanyia taksi akakataa kusaini kama mwandaaji na kuweka namba yake ya PTIN, chukua karatasi zako uondoke.

Mvulana kesi yake imegeuka kuwa ya kuasili. Ikikamilika, jimbo likiwa limethibitisha kwamba ni mtoto mwenye mahitaji maalumu kwa kipimo chao, familia itadai krediti nzima ya kuasili hata kama hawakutumia senti yoyote. Kwa kesi zilizokamilika 2025 ni mpaka dola 17,280, na kuanzia mwaka huo mpaka dola 5,000 ya hiyo inarudishwa hata kama huna kodi ya kuifuta, iliyobaki unaibeba mpaka miaka mitano. Barua ya jimbo ya uthibitisho huo iombwe kabla faili halijafungwa, baadaye kuipata ni shida.